Kuoga Majani na Kuoga Dawa: Vitenzi vya Maji katika Kiswahili cha Usukumani



Nimechagua kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida haliletwi katika ukumbi wa namna hii, yaani maji ya kuoga yaliyochemshwa na majani. Yale ambayo mtu aliyechoka huyaandaa nyumbani jioni ili mwili utulie na usingizi uje. Wataalamu wa mitishamba wana lao la kusema juu ya maji hayo. Langu mimi ni la lugha. Nakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina namna mbili za kulitaja tendo hili, 'kuoga majani' na 'kuoga dawa', kwamba namna hizo si visawe, na kwamba ziko sehemu za nchi yetu ambako kuzichanganya kunaweza kumdhuru mtu. Mfano wangu ni Samuye, kata ya Mkoa wa Shinyanga ambako Kiswahili na Kisukuma huzungumzwa katika nyumba moja, na mara nyingi katika sentensi moja.

Tuanze na vitenzi vyenyewe. Katika habari za maji na mwili, Kiswahili hakipendi neno la jumla. Mtu hunawa mikono na uso, husukutua kinywa, hutawadha kabla ya sala, huoga mwili mzima. Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, na Usukumani, kwenye nchi ya mifugo, ng'ombe huogeshwa katika josho. Kitenzi 'oga' ni cha asili ya Kibantu. Katika lahaja kadhaa za pwani husikika 'koga', umbo ambalo yaelekea ile 'ku-' ya kitenzi-jina imeungana na mzizi. Nalo ndilo lililohifadhiwa kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa.

Kinachonivutia zaidi ni nomino inayofuata kitenzi hiki. Tukitaka kutaja kitu kinachotumika, kauli ya kutendea hutusaidia: sabuni ya kuogea, maji ya kuogea, majani ya kuogea. Lakini 'oga' huweza pia kufuatwa na nomino moja kwa moja, bila kihusishi chochote: kuoga maji ya moto, kuoga majani, kuoga dawa. Nomino hiyo si mtendwa wa kawaida, kwa sababu anayepata maji ni mwogaji mwenyewe, si majani. Huko Makunduchi nomino ya aina hii imepanda hadi kuwa kiima cha kauli ya kutendwa, kwa kuwa mwaka 'unakogwa'. Sijapata kusikia majani yakiogwa, lakini sitashangaa nikiambiwa yako mahali fulani.

Kitenzi kimoja hakimo katika orodha hii, nacho ni 'loweka'. Siku hizi vibandiko vya vipodozi na matangazo ya hoteli humwalika msomaji 'aloweke mwili' katika maji ya maua. Msemaji wa Kiswahili huloweka maharage, mchele na nguo chafu, na kitu kilichololowekwa hubaki chini ya maji kikisubiri kazi nyingine. Tafsiri hiyo imetokana na birika refu la kulala ndani yake, chombo ambacho nyumba nyingi zetu hazina. Pwani ilikuwa na hamamu zake, kama zile za Kidichi zilizojengwa mwaka 1850 wakati wa Sayyid Said, na Hamamni katika Mji Mkongwe, ya zama za Sultani Barghash. Pwani hiyohiyo ina singo, mchanganyiko wa maua na viungo vyenye harufu nzuri ambao bibi harusi husingwa nao. Hata hivyo watu wa kawaida, pwani na bara, walioga kwa kujimwagia. Shinyanga ni nchi kame. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafikishwa Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele, mwishoni mwa miaka ya 2000, ndoo moja ilikuwa mali. Hapo mtu hujimwagia kwa kata au kopo, na dawa ya uchovu lazima ienee katika ndoo hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Huchukuliwa fungu la majani mabichi: mchaichai kwa harufu, kivumbasi, majani ya mlimau au ya mpera, wengine huongeza vijiti vichache vya mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na sasa umeenea vijijini kote. Majani huoshwa, hutiwa katika sufuria yenye maji kiasi cha lita 3, hufunikwa ili harufu isipotee, na huchemshwa kama dakika 10. Yakishaiva huachwa yapoe yakiwa bado yamefunikwa, huchujwa kwa kitambaa, kisha humwagwa katika ndoo ya lita 20 iliyokwisha kutiwa maji baridi. Hupimwa kwa kiwiko, kwani kiganja cha mtu wa kazi hakisemi kweli juu ya joto. Huogwa bila sabuni, au baada ya sabuni, na mwili hauoshwi tena. Mwenye ngozi inayowasha haraka hujaribu kwanza mkononi na kungoja hadi kesho yake. Maji ya mwarobaini hayanywi, hasa na watoto.

Tazameni majina ya mimea. Mchaichai na mkundekunde yamejengwa kwa uradidi, na uradidi huo una maana: mmea unaofanana na chai, mmea unaofanana na kunde. Kisukuma nacho kina majina ya umbo hilo, kama nengonengo, mti ambao mzizi wake ukikwaruzwa hutoa harufu kali kama ya dawa ya kuchua inayouzwa madukani. Harufu hiyo huwavuta watu, lakini mzizi huo ni sumu na haufai kuingia katika ndoo ya kuogea ya nyumbani. Jina zuri si kibali.

Lengo la kuoga majani halitajwi kwa neno moja. Watu husema wanatoa mavune, wanaondoa uchovu, wanataka mwili uwe mwepesi. 'Mavune' ni neno ambalo wafasiri wangelitumia zaidi: ni maumivu ya viungo yanayomjia mtu baada ya kazi ngumu, jembe, mzigo au safari ya miguu. Lina jirani yake, 'kukanda', ambalo hutumika kwa unga, kwa mgonjwa, na kwa mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto sana ni desturi ambayo wauguzi wamekuwa wakiipinga kwa haki, kwa sababu imewaunguza wengi.

Jirani mwingine ni 'kujifukiza'. Chombo chake ni nyungu, chungu kikubwa. Nyungu na chungu vina mzizi mmoja, kila kimoja katika ngeli yake. Mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, viongozi wa Tanzania walihimiza watu wajifukize, na kwa miezi michache 'nyungu' iliacha kuwa chombo ikawa tendo: watu 'walipiga nyungu'. Mvuke hauui kirusi cha korona, na hilo lazima lisemwe waziwazi katika ukumbi wa chuo kikuu. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, ni nadra kuona maana ikihama mbele ya macho yake kwa kasi ile.

Sasa nije kwenye 'kuoga dawa'. Neno dawa ni pana mno. Iko dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya kupendwa. Kisukuma 'bugota' nayo ina upana huohuo. Kwa hiyo mgeni hudhani kwamba aliyeoga majani ameoga dawa. Katika matumizi ya Usukumani sivyo. Anayeoga majani ameyachuma mwenyewe, ameyachemsha mwenyewe, na hafichi ndoo yake. Anayeoga dawa amepewa na mtu mwingine, kwa kawaida mganga, 'nfumu' kwa Kisukuma, na dawa hiyo inamfungulia jambo au kumkinga nalo: mkosi, wivu, bahati mbaya. Kutoka huko hadi machimboni ni hatua fupi. Katika ukanda wa dhahabu, tangu Kahama hadi Geita, yako mazungumzo mengi ya mchimbaji kuoga dawa ili duara lake litoe mali, na ya kusafisha nyota.

Hapa neno lina uzito wa maisha ya watu. Usukumani, hasa tangu miaka ya 1980, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yaliyosababishwa na moshi wa miaka mingi jikoni yamechukuliwa kuwa ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 watu wenye ualbino walianza kuwindwa katika Kanda ya Ziwa kwa sababu ya ahadi za utajiri. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na 'ramli chonganishi' ikawa istilahi ya kawaida katika magazeti. Sasa fikirini bibi wa miaka sabini, macho yake yameiva kwa moshi, anachemsha majani jioni kwa ajili ya mavune yake. Mwandishi wa habari au karani akiandika kwamba bibi huyo 'alikutwa akichemsha dawa ya kuoga', ameandika Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, na amemtia hatarini. Angeandika 'majani ya kuogea', habari ingekuwa nyingine kabisa.

Kamusi zetu haziwezi kumsaidia karani huyo ikiwa hazimwonyeshi tofauti. Tangu Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, pwani imetupa hamamu, singo na udi kwa ukarimu, bara imesubiri. Iliposikika, ilisikika kwa mambo ya utawala: mtemi, sungusungu, na baadaye ngitili, yaani eneo la malisho na miti lililofungwa. Ngitili liliingia katika Kiswahili cha maofisa kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, na makadirio yaliyochapishwa yanataja zaidi ya hekta 300,000 zilizorejeshewa uoto wake. Ndani ya ngitili ndimo mengi ya majani na mizizi niliyoitaja yanamopatikana, na majina yake ya Kisukuma yanajulikana zaidi na wanawake wanaokata kuni humo kuliko na sisi. Ningependa wanafunzi wa leksikografia waende huko na daftari kabla hawajafungua kompyuta.

Kwa sasa napendekeza kwamba chini ya kidahizo 'oga' maingizo haya mawili yatenganishwe. La kwanza: oga majani, jimwagia maji yaliyochemshwa na majani ili kuondoa uchovu au mavune. La pili: oga dawa, jimwagia maji yenye dawa aliyotoa mganga kwa ajili ya kinga, bahati au kuondoa mkosi.