Ngozi isiyong'aa: Mtaji unaweza kunata dukani

SIGARA za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, huuzwa kwa sura kabla ya kuuzwa kwa mvuke. Tangu Mchina Hon Lik alipobuni sigara ya aina hiyo mwaka 2003, ushindani wa viwanda umehamia pia kwenye ganda la nje. Ganda lisilong'aa linapendwa: halionyeshi alama za vidole, haliteleze mkononi, na linaonekana la bei.

Kwa mfanyabiashara wa Mpwapwa anayefuata bidhaa Kariakoo, suala hili si la vepu peke yake. Ngozi ya namna hiyo imo pia kwenye simu, tochi, redio na chaja za mkononi. Tatizo ni kwamba kutong'aa kuna aina tatu, na dukani zote zikiwa mpya zinafanana.

Ya kwanza ni alumini iliyopigwa mchanga, kisha kuogeshwa kwenye tindikali yenye umeme. Uso wake hugeuka kuwa tabaka gumu ambalo ni sehemu ya chuma chenyewe, hivyo halibanduki. Ya pili ni plastiki iliyotoka kwenye kalibu yenye vinyweleo. Hii ni rahisi kutengeneza, nayo haibanduki. Hasara yake ni kuanza kung'aa pale inaposuguliwa kila siku.

Ya tatu ndiyo ya kuangalia: plastiki iliyopakwa rangi laini kama mpira. Joto, unyevu wa hewa na mafuta ya vidole huivunja taratibu mpaka inanata. Mzigo uliokaa muda mrefu kwenye ghala la pwani, penye unyevu, unaweza kufika Mpwapwa ukiwa umeanza kuharibika. Hewa kavu ya huku ina nafuu, lakini vumbi letu likikuta uso unaonata halitoki. Spiriti huondoa utando huo, ila hubaki plastiki tupu ambayo mteja ataiona kuwa kuukuu.

Tufanye hesabu ya mfano. Umenunua vifaa 10 kwa shilingi 30,000 kimoja. Mtaji ni 300,000. Ukiuza vyote kwa 40,000 unapata faida ya 100,000. Viwili vikinata visiuzike, faida inashuka hadi 20,000. Vikiwa vitatu, umekula hasara ya 20,000 kabla ya nauli na kodi ya pango.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, toa kifaa kwenye boksi. Kibonyeze kwa dole gumba, kisha kisugue kwa kitambaa cheupe. Kikinata au kikiacha rangi, kirudishe. Nunua kidogo kidogo, wala usikiweke juani, hasa chenye betri ya lithiamu.

Kwa vepu kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye ganda. Uganda ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya Tanzania ni ya mwaka 2003, kabla bidhaa hizi hazijaenea duniani. Nikotini huleta uraibu, na ganda zuri huwavuta watoto kwanza. Mwenye mtaji mdogo atakuwa salama zaidi akianza na tochi na chaja zenye ganda la kalibu au alumini.