Bahari Darasani: Wanayofundishwa Makadeti wa Majini katika Shule za Marekani

Mtu wa mbali aonapo vijana wa sekondari wa Marekani wamejipanga safu uwanjani, viatu vinang'aa na bendera imetangulia, huwa mwepesi wa kukata shauri kwamba watoto hao wanaandaliwa kwa vita, na kwamba kwata ndiyo mwanzo na mwisho wa ilimu yao. Mafunzo ya ukadeti wa majini yana upana kupita huo, na yanastahiki kuelezwa kwa taratibu, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo sisi wakazi wa pwani na wa maziwa makuu tuna haja nayo kubwa.

Asili ya mafunzo hayo, yajulikanayo kwa ufupi kama NJROTC, ni sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson mwezi wa Oktoba 1964. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na vikosi vya shuleni tangu mwaka 1916. Sheria hiyo ikawafungulia mlango wanamaji nao, na leo vikosi vyao vimo katika shule zaidi ya 500. Makusudio yaliyoandikwa ni kuwajengea wanafunzi uraia mwema, utumishi kwa nchi yao na moyo wa kuwajibika. Walimu kwa kawaida ni maafisa na mabaharia waliostaafu. Wala amalizaye hawajibiki kuingia jeshini: akipenda kuingia, aweza kuanza kwa daraja iliyo juu kidogo ya mwenziwe, asipopenda, huenda zake kwa salama.

Mwaka wa kwanza ni wa adabu. Kadeti hujifunza vyeo na saluti, na kutunza sare ambayo hukaguliwa kila wiki, tangu vifungo hata mkunjo wa suruali. Tena huhifadhi kwa moyo amri 11 za mlinzi, ambazo mojawapo yamkataza kuondoka zamuni mpaka aje wa kumpokea. Aulizaye mtoto wa shule ana haja gani na amri hiyo ajue kwamba kijana aliyezoea kusimama mahali pake hata apokewe, japo hakuna amwonaye, amekwisha kupata sifa ambayo mwajiri, mwenzi wa ndoa na jirani wote wataitafuta kwake umri wake wote.

Lakini utamu wa mafunzo, kwa rai yangu, umo katika masomo yafuatayo, ambapo bahari yenyewe huletwa darasani. Husomwa tarikhi ya vita na biashara ya majini, pamoja na hoja za Alfred Thayer Mahan, aliyeandika mwaka 1890 kwamba nguvu na utajiri wa mataifa vilitegemea mno umiliki wa njia za bahari. Husomwa falaki, hali ya anga na mikondo ya maji, na sababu za bamvua na maji mafu, ambazo nahodha wa Lamu au wa Sur ya Omani alizijua kwa kuandama kwa mwezi na kwa mazoea, naye kadeti huzijua kwa hesabu ya mvuto wa mwezi na jua. Husomwa kadhalika sababu ya chuma kizito kuelea, na jinsi shehena iliyorundikwa juu inavyopandisha kitovu cha uzito, hata wimbi dogo likatosha kukipindua chombo.

Kisha huja ilimu ya kuongoza chombo. Kadeti hutandaziwa ramani ya bahari, akapewa bikari na rula, akatakiwa aseme meli iko wapi. Hufundishwa kuwa maili moja ya bahari ni mita 1,852, nayo ni kadiri ya dakika moja ya latitudo. Kwamba meli iendayo maili 15 kwa saa, ikisafiri dakika 20, imekata maili 5. Na kwamba hesabu hiyo peke yake haiaminiki, kwa kuwa upepo na mkondo vina nguvu zao, basi sharti apime tena kwa alama za nchi kavu au kwa nyota, akaisahihishe njia yake. Kijana hutambua hapo kwamba yakini hupatikana kwa kupima na kurudia kupima, na kwamba kosa la digrii moja, likiachwa, baada ya maili 60 limekuwa maili nzima, masafa yanayotosha kuipandisha meli mwambani.

Mwisho wa yote ni uongozi. Kadeti wa mwaka wa nne aweza kuwa mkuu wa kikosi, akapanga kwata, akagawa kazi, akajibu mbele ya mwalimu kwa makosa ya walio chini yake. Wahenga wetu walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nao vijana hawa hujifunza kwa vitendo kwamba amri sharti iwe na mwenyewe, na kwamba mwenye amri ndiye mwenye dhamana. Aliyeanza kwa kutii huishia kwa kuamrisha, na kwa kuwa alipata kuonja uchungu wa amri mbaya, hujihadhari asiitoe.

Haki yatulazimu kutaja ila iliyopo. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilibainisha kwamba katika baadhi ya shule, za Detroit na Philadelphia zikiwamo, wanafunzi waliandikishwa katika mafunzo ya ukadeti kwa jumla pasi na kuulizwa ridhaa yao. Jambo hilo laharibu shina la mafunzo yenyewe, kwani dhamana haifundishwi kwa kumnyang'anya mtu hiari. Anayelazimishwa kusimama zamu hujifunza woga, na woga humtoka siku ile ile aondokapo msimamizi.

Basi tuchague la kuiga. Bunduki tuwaachie wenyewe, na bahari tuitwae. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na Spice Islander I katika mkondo wa Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011. Zote mbili zilijaza watu kupita kiasi, na waliokufa walikuwa mamia. Laiti sababu za chombo kuelea na kupinduka zingekuwa somo la kila mwanafunzi wa Mwanza, Tanga, Mombasa na Unguja, abiria angejua wakati wa kukataa kupanda, na karani wa bandari angeona haya kumpandisha. Walimu hatuwakosi: manahodha na wanamaji wastaafu wamo mitaani mwetu, wenye ilimu na wenye wasaa, na wajibu wa wizara na wa wakuu wa shule ni kuwaita darasani wangali hai.