Kadi, Tiketi ya Karatasi na Fedha Mkononi: Kumbukumbu ya Nauli Dar es Salaam na Kyela

Makala haya yanafafanua tofauti kati ya kulipa nauli kwa kadi na kwa tiketi ya karatasi, na kuhoji iwapo ulinganisho uliozoeleka jijini unafaa kuhamishiwa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Hoja ya msingi ni kwamba alichoshika abiria kina uzito mdogo kuliko mahali inapobaki kumbukumbu ya nauli yake, na mikono inayoishika.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, nayo ililipwa kituoni kabla ya kupita getini. Mazingira hayo ndiyo yanayoipa kadi ubora wake: foleni ya dirishani hupungua na usumbufu wa chenji huondoka. Karatasi nayo haimlazimu abiria kutanguliza fedha, jambo lenye maana kwa mkulima wa kakao au mpunga ambaye kipato chake hufuata msimu.

Kyela hakuna geti. Daladala za Ipinda na Matema huchukua abiria popote njiani, na konda hupokea fedha taslimu, mara nyingi bila kutoa karatasi yoyote. Kwa hiyo kulinganisha kadi na karatasi hapa ni kuruka hatua moja, yaani nauli isiyoacha alama kabisa. Hali hiyo si uzembe. Kama Rizzo (2017) anavyoonesha kuhusu daladala za Dar es Salaam, mmiliki hudai kiasi maalumu kila siku, yaani hesabu. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki ya dereva na konda. Kumbukumbu ya kila nauli ingemwezesha mmiliki kupandisha hesabu. Nairobi, agizo la mwaka 2014 la kuondoa fedha taslimu kwenye matatu lilikwama, na kadi ya BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity, ikafungwa mwaka 2015.

Majini, hata hivyo, hoja ya riziki haitoshi. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, walifariki watu zaidi ya 220. Idadi ya waliokuwamo ilikuwa vigumu kuthibitishwa, kwani mkata tiketi alifariki na mashine yenye kumbukumbu ikapotea. Mashine ilikuwapo, kilichokosekana ni nakala iliyobaki nchi kavu. Kwa MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 kati ya bandari za Kyela na Mbamba Bay, orodha iliyoachwa bandarini kabla ya kung'oa nanga, hata ikiwa ya kalamu, ina thamani kuliko kadi ambayo taarifa zake husafiri na meli.

Kwa daladala, kitabu cha tiketi chenye vishina vinavyoachwa stendi kingetosha kuanzia, ingawa abiria wa njiani wangebaki nje ya kumbukumbu hiyo.