Ngazi Aliyoiacha Grace Alele-Williams

Profesa Grace Alele-Williams alipofariki dunia tarehe 25 Machi 2022, akiwa na umri wa miaka 89, salamu za rambirambi zilizomiminika kutoka Nigeria na kwingineko zilirudia neno moja: wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Nigeria kupata shahada ya uzamivu. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza nchini humo kushika wadhifa wa Makamu Mkuu wa Chuo, yaani mtendaji mkuu wa chuo kikuu, kazi aliyoifanya katika Chuo Kikuu cha Benin kuanzia 1985 hadi 1991. Sifa hizo ni za kweli na alizistahili. Hata hivyo neno hilo likiachwa peke yake linampunja marehemu, kwa sababu linatueleza alifika wapi bila kutueleza alikuwa akifanya nini njiani. Njia iliyopitwa na mtu mmoja tu huota nyasi. Urithi mkubwa wa mwanahisabati huyu haumo katika vyeo alivyowatangulia wengine kuvipata. Umo katika kazi ya miaka mingi, isiyopigiwa vigelegele, ya kumfanya mwalimu wa darasani, na hasa mwalimu mwanamke wa shule ya msingi, awe na nafasi yake chuo kikuu na alimiliki somo la hisabati kama mali yake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1932 huko Warri, mji wa bandari katika delta ya Mto Niger. Alisoma Queen's College, shule ya wasichana jijini Lagos, kisha akajiunga na Chuo cha Ibadan, kilichoanzishwa 1948 na ambacho wakati huo wanafunzi wake walitunukiwa shahada za Chuo Kikuu cha London, kama ilivyokuwa Makerere upande wetu huu wa bara. Alipomaliza hakukimbilia ng'ambo. Kuanzia 1954 hadi 1957 alifundisha hisabati katika Queen's School, shule ya wasichana ya Ede, magharibi mwa Nigeria. Miaka hiyo mitatu hutajwa kwa mstari mmoja tu katika habari za maisha yake, lakini ndiyo inayotoa mwanga juu ya yote yaliyofuata. Kabla ya kuwa daktari wa falsafa, profesa au kiongozi wa chuo, alikuwa mwalimu mwenye chaki mkononi mbele ya wasichana ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwaambia kwamba hesabu si zao. Baadaye alikwenda Marekani, akasoma shahada ya uzamili Vermont, na 1963 akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Nigeria ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu tu nyuma, na tasnifu yake ilihusu nafasi ya elimu katika kuzaliwa kwa taifa jipya. Swali lake, basi, lilikuwa la nchi nzima tangu mwanzo: taifa changa litapata wapi watu wanaojua kuhesabu, kupima na kufikiri kwa hoja, na nani atawafundisha?

Jibu moja lilianza kutafutwa Afrika Mashariki. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kurusha Sputnik angani 1957, Marekani iliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma katika sayansi, na wanahisabati wake wakaanza kuandika upya mitaala ya shule. Wimbi hilo lilifika Afrika. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka nchi kadhaa za bara hili zilizotumia Kiingereza walikutana Entebbe, Uganda, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza, wakaanza kuandika vitabu vilivyokuja kujulikana kama Hisabati ya Entebbe. Alele-Williams alishiriki katika mpango huo wa hisabati kwa Afrika tangu 1963 hadi 1975. Lengo lilikuwa kuondokana na hesabu za kukariri. Badala ya kumeza kanuni na kuzitema siku ya mtihani, mtoto aelewe kwa nini kanuni hiyo inafanya kazi: seti ni nini, kwa nini tunahesabu kwa makumi, na nini hubadilika tukihesabu kwa mawili au kwa matano. Wazo lenyewe lilikuwa la heshima kubwa kwa mtoto wa Kiafrika, kwa kuwa lilimchukulia kama mtu anayeweza kufikiri kuanzia siku ya kwanza darasani.

Hapa msomaji anayekumbuka historia atauliza: je, hisabati hiyo mpya haikushindwa? Ni kweli, haikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Nigeria iliamua kuiondoa shuleni, na Kenya ikafanya hivyo mapema miaka ya 1980. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua kuchora duara za seti lakini hawajui kugawanya. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, na anayemkumbuka marehemu kwa haki hapaswi kuyaficha. Lakini tuangalie mzizi wa kushindwa huko. Mtaala uliandikwa haraka na wataalamu wachache, ukapelekwa kwa maelfu ya walimu ambao wao wenyewe walikuwa wamefundishwa kwa kukariri, tena wengi wao bila mafunzo ya kutosha ya somo hilo. Mwalimu alipewa kitabu kipya bila kupewa uelewa mpya. Kwa hiyo kisa cha Hisabati ya Entebbe hakithibitishi kwamba watoto wetu hawawezi kufikiri. Kinathibitisha kwamba mageuzi ya elimu yanayomruka mwalimu hujenga ghorofa ya pili kabla ya ya kwanza. Na hapo ndipo kazi nyingine ya Alele-Williams, ile isiyojulikana sana, inapochukua uzito wake.

Alikuwa Chuo Kikuu cha Lagos kwa miaka 20, kuanzia 1965 hadi 1985, na huko akawa profesa wa elimu ya hisabati. Kwa takriban muongo mmoja aliongoza Taasisi ya Elimu ya chuo hicho. Akiwa hapo alianzisha mafunzo ya cheti, yasiyo ya shahada, yaliyowafungulia mlango walimu wa shule za msingi waliokuwa tayari kazini, wengi wao wanawake wa umri mkubwa ambao utaratibu wa kawaida wa udahili ungewaacha nje maisha yao yote. Tuchukue hesabu rahisi. Mwalimu mmoja mwenye darasa la watoto 40, akifundisha miaka 20 baada ya kupata cheti chake, amegusa watoto 800. Walimu 100 wa namna hiyo wamegusa watoto 80,000. Profesa ambaye angetumia muda huohuo kufundisha kundi dogo la wanafunzi bora wa shahada angevuna sifa zaidi, lakini taifa lisingevuna kiasi hicho. Huu ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua kupiga hesabu na anayejua pia nani husahaulika hesabu zinapopigwa.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya namna hiyo ni njema lakini si sayansi. Kwamba mwanahisabati hupimwa kwa nadharia alizothibitisha, na shahada yake ya juu ilikuwa ya elimu ya hisabati. Hoja hiyo inastahili kujibiwa bila hasira. Ni sahihi kwamba hakuacha nadharia inayobeba jina lake, na kumsifu kwa jambo ambalo hakulifanya kungekuwa kumvunjia heshima. Lakini sayansi ni mlolongo. Anayethibitisha nadharia leo aliwahi kuwa mtoto aliyeelezwa sehemu na asilimia na mtu fulani, na mtu huyo alifundishwa na mwingine. Kujua jinsi akili ya mtoto inavyoipokea namba, wapi inakwama, na mwalimu afanye nini inapokwama, ni uwanja wa utafiti wenye maswali magumu. Nchi isiyo na wataalamu wa uwanja huo itaendelea kusubiri wanahisabati wakubwa waote wenyewe kama uyoga.

Alipoteuliwa kwenda Benin, alikabidhiwa chuo chenye mzigo mzito. Miaka ya 1980 vyuo vya Nigeria vilikuwa vimebanwa na uhaba wa fedha, na vikundi vya siri vya wanafunzi vilikuwa vimegeuka kuwa magenge ya vurugu na vitisho. Alivikabili vikundi hivyo waziwazi, na uthabiti wake katika kukirudishia chuo nidhamu ni jambo linalotajwa hadi leo na wanaomheshimu. Je, alivimaliza? La. Vikundi hivyo viliendelea kuitesa Nigeria kwa miongo iliyofuata. Ujasiri wa mtu mmoja hauwezi kuziba pengo la dola nzima, na kumtaka kiongozi mwanamke afanye miujiza ambayo hakuna mwanamume aliyedaiwa kuifanya ni dhuluma nyingine. Alichofanya ni kukataa kuvizoea, na kwa kiongozi wa chuo hilo si jambo dogo, kwa kuwa elimu haikai mahali ambapo mwanafunzi anaogopa kwenda maktaba usiku.

Bado imebaki hoja moja yenye nguvu dhidi ya mtazamo huu: kwamba neno "wa kwanza" lina kazi yake, kwa sababu msichana akiona mwanamke kwenye kiti kile huamini kwamba naye anaweza kukikalia. Ni kweli, na Afrika Mashariki tunalijua hilo vizuri. Wangari Maathai alipopata uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati, alivunja kizuizi kilichokuwa ndani ya vichwa vya wengi. Lakini msichana aliyetiwa moyo akirudi darasani akamkuta mwalimu anayeiogopa hisabati kuliko yeye, moyo ule hupoa kabla ya muhula kwisha. Mfano humwonyesha mtu paa. Ngazi ndiyo humfikisha juu. Alele-Williams alilielewa hilo, ndiyo maana hata nje ya Nigeria hakuridhika kuwa picha ya kutundikwa ukutani. Aliongoza Kamisheni ya Wanawake katika Hisabati ya Umoja wa Wanahisabati wa Afrika, na akawa makamu wa rais, kwa upande wa Afrika, wa shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Kazi ya vyombo hivyo ni kuhakikisha kwamba baada ya wa kwanza anakuja wa pili, wa kumi na wa elfu.

Funzo hili linatuhusu. Tanzania, somo la Hisabati limekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa yanayoangusha watahiniwa wengi zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na kila matokeo yakitoka lawama humwangukia mtoto, kisha mtaala, kisha kitabu. Mwalimu wa darasa la tatu, aliyempokea mtoto huyo miaka tisa kabla, haulizwi alipewa nini ili afundishe. Marehemu aliuliza swali hilo mapema, tena akiwa ndani ya chuo kikuu, mahali ambapo ni rahisi sana kulisahau. Vyuo vyetu vinapotaja majina ya wanawake waliotangulia, na vitaje, vijiulize pia ni walimu wangapi wa shule za msingi waliopita milangoni mwao mwaka huu wakatoka hawaiogopi tena hisabati. Hiyo ndiyo hesabu ambayo Grace Alele-Williams aliianza, na aliyebaki hai ndiye anayepaswa kuiendeleza.