Ndigana Baridi: Kupe na Sindano

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya waingia zizini. Hapa Ugogo ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, karo na mahari. Akianguka yeye, nyumba nzima yayumba.

Ndigana ziko mbili, na wengi wetu huzichanganya. Ndigana kali huvimbisha mitoki, hasa chini ya sikio, na dawa yake ni nyingine. Ndigana baridi huletwa na bakteria aitwaye anaplasma, ambaye Arnold Theiler alimweleza huko Afrika Kusini mwaka 1910. Hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwili huziharibu chembe hizo, na ng'ombe huishiwa damu. Ndama huugua kidogo tu. Anayeumia sana ni ng'ombe mzima, yule yule wa kukamuliwa na wa kulima. Tazama ufizi na ndani ya kope: huwa vyeupe, baadaye vya njano. Kinyesi hukauka, maziwa hupungua ghafla. Mkojo hauwi mwekundu. Ukiona damu, huo ni ugonjwa mwingine.

Kupe ndiye anayelaumiwa, na ni haki yake. Nzi wanaouma nao wamo. Lakini na sisi tumo! Mtu huja na sindano moja, akachoma zizi zima asubuhi moja. Ng'ombe aliyepona hubaki na vijidudu hata maisha yake yote, naye aonekana mnene na mzima; damu yake ikibaki kwenye sindano, yampata jirani yake. Kisu cha kuhasi na msumeno wa pembe hufanya vivyo hivyo. Basi, kila ng'ombe na sindano yake, na vyombo vichemshwe kabla ya kumgusa mwingine.

Oksitetrasaiklini husaidia ikitolewa mapema. Mgonjwa asiswagwe kwenda joshoni wala mnadani Msalato, kwani aliyeishiwa damu huweza kufa njiani. Bwana mifugo ndiye aje kwake.

Ugonjwa huu haumpati binadamu. Dawa ndiyo itupatayo, kwa njia ya maziwa na nyama, na kuchemsha hakuiondoi yote. Akina mama, muulizeni bwana mifugo ni siku ngapi maziwa yasinywewe, wala msimpe mtoto kabla hazijaisha. Nyama husubiri zaidi, pengine wiki kadhaa. Na kopo la dawa ya kuogeshea litobolewe, lisirudi jikoni kuwekewa maji.