Waliotangulia Hawakuvuna



Watoto wanaocheza mpira wa makaratasi Nachingwea na Ruangwa leo wana ndoto ambayo baba zao hawakuwa nayo. Timu yao, Namungo FC, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Mwaka uliofuata ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kisha ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ukiwauliza watoto hao wanataka kuwa nani, wengi watakutajia Mbwana Samatta. Ni wachache watakaomtaja Sunday Manara.

Manara alikuwa mshambuliaji wa Yanga katika miaka ya 1970. Kwa namna alivyousoma mchezo haraka, mashabiki walimwita "Kompyuta", wakati ambapo wengi wao hawajawahi kuiona kompyuta yenyewe. Mwaka 1977 alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Kutoka huko alivuka bahari hadi Marekani akaichezea New York Eagles. Pelé alikuwa amestaafu muda si mrefu katika nchi hiyohiyo, na Wamarekani walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuupenda mchezo huu. Baadaye Manara alicheza Austria na Dubai.

Hakukuwa na simu ya mkononi ya kuwasalimia nyumbani, wala televisheni ya kuwaonyesha Watanzania mabao yake. Februari 2020 Samatta aliifungia Aston Villa dhidi ya Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya England, na nchi nzima ilitazama. Kati ya safari ya Manara na bao lile ilipita miaka 43.

Ndugu zangu, Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake jambo hili katika Yohana 4:37-38: yupo apandaye na yupo avunaye, nao walikuwa wakivuna jasho la wengine. Musa naye aliiona nchi ya ahadi kwa macho kutoka mlimani, lakini hakuikanyaga. Mungu hakumhesabia kuwa ameshindwa.

Watu wa kusini hawahitaji kufundishwa somo hili. Mikorosho mingi tunayookota chini yake leo ilipandwa na babu na bibi. Nachingwea pia inakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili. Walileta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, wakitaka mavuno makubwa kwa haraka. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Haraka ilikula mamilioni, lakini mkorosho wa babu bado unasomesha wajukuu.

Tujiulize basi kuhusu kanisa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika jirani hapo Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Jina la askofu limeandikwa vitabuni. Majina ya wengi wa wale waliofyeka pori na kusimamisha nyumba za kwanza hayajulikani, nasi tunasali juu ya jasho lao.

Hata leo wako wenzao. Yuko mwinjilisti au katekista mzee aliyeanzisha mtaa wenu chini ya mwembe, akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji bila posho. Sasa kuna kanisa la matofali, vipaza sauti na kwaya yenye sare. Siku ya uzinduzi tunawaita wageni rasmi, lakini yeye amekaa nyumbani, macho hayaoni vizuri, na pengine hana dawa. Tunavuna shambani mwake huku yeye analala njaa.

Jumapili hii, baada ya ibada, msipite tu mbele ya mlango wake. Ingieni. Mpelekeeni unga na sabuni, mwulizeni habari za siku zile, na watoto wawepo wasikie. Nawe unayepanda bila kuona tunda, mwalimu wa Jumapili mwenye watoto sita, mama unayemwombea mwanao aliyepotea, usikate tamaa. Anayehesabu si mashabiki.

Ee Bwana, utukumbushe waliotutangulia wangali hai, nasi utupe moyo wa kupanda tusichokivuna. Amina.