Buibui Mla Mbu wa Ziwa Victoria: Namna Spishi Mpya Inavyotambuliwa

Buibui si mdudu kama mbu au nzi. Ana miguu minane, si sita, naye huwekwa katika kundi moja na nge na kupe. Mwezi Aprili 2022, idadi ya spishi za buibui zilizopewa majina duniani ilifika 50,000, na kila mwaka mpya huongezwa. Baadhi hutoka katika misitu ya milima yetu, kama vile Udzungwa na Usambara. Hata hivyo, yupo mmoja ambaye wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wana sababu ya pekee ya kumfahamu, kwa kuwa alitambuliwa kando ya ziwa letu hilihili.

Buibui huyo anaitwa Evarcha culicivora. Alielezwa kutokana na vielelezo vya Mbita, upande wa Kenya, kaskazini mwa Musoma, kilipo kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Urefu wa mwili wake ni takribani milimita 5. Huishi kwenye nyasi ndefu, mashina ya miti na kuta za nyumba. Hategi mawindo kwa utando, bali huyanyemelea na kuyarukia.

Je, spishi mpya hutambuliwaje? Kumwona kiumbe pekee hakutoshi. Bila shaka wakazi wa ziwani walimwona buibui huyu ukutani kwa vizazi vingi. Kwanza, mtaalamu hukusanya vielelezo vya dume na jike waliokomaa na kuvihifadhi katika spiriti. Pili, huvichunguza kwa hadubini. Rangi hudanganya, kwani buibui wengi wadogo hufanana. Kwa hiyo uchunguzi hulenga zaidi viungo vya uzazi, ambavyo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Tatu, hulinganisha alichokipata na maelezo na vielelezo vya spishi za jamii hiyo zinazojulikana. Akithibitisha kuwa hakuna inayolingana nacho, huandika maelezo, huchora michoro, huchagua kielelezo kimoja cha kuhifadhiwa kama ushahidi wa kudumu, kisha huchapisha jina.

Kazi hiyo ilikamilishwa mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Polandi pamoja na Robert Jackson wa New Zealand, katika jarida la Annales Zoologici. Neno culicivora ni la Kilatini, lenye maana ya “mla mbu”.

Jina hilo lilifungua mlango wa utafiti zaidi, kwa sababu kila mtafiti sasa alijua kwa hakika ni kiumbe gani kinachozungumziwa. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa, akipewa nafasi ya kuchagua, buibui huyu hupendelea mbu jike aliyeshiba damu kuliko mawindo mengine, naye humtambua kwa macho au kwa harufu. Midomo yake haikuumbwa kutoboa ngozi ya mtu. Damu huipata kupitia mbu. Watoto wake wadogo wana mbinu maalumu ya kumkamata Anofelesi, mbu aenezaye malaria, ambaye hutua akiwa ameinua sehemu ya nyuma ya mwili. Mwaka 2011 watafiti walionesha pia kuwa buibui huyu huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa, yaani harufu ya binadamu, ambako mbu walioshiba damu hupatikana.

Pamoja na hayo, mwananchi asielewe kuwa buibui anaweza kuchukua nafasi ya kinga. Mbu aliyeshiba damu amekwisha kumuuma mtu, na buibui mmoja hawezi kumaliza mbu wa nyumba nzima. Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kila mwanakaya alale ndani ya chandarua chenye viuatilifu kila usiku.

2. Madimbwi na vyombo vinavyotuamisha maji karibu na makazi vifukiwe au viondolewe.

3. Mwenye homa awahi zahanati au kituo cha afya kupimwa malaria kabla ya kutumia dawa.

4. Wapuliziaji wa dawa ukoko wanapofika kwa utaratibu wa Serikali, wapewe ushirikiano.

5. Viuatilifu vya shambani visitumike ndani ya nyumba kuua buibui. Sumu hiyo ni hatari kwa watoto, kwa chakula na kwa maji ya kunywa. Buibui wadogo warukao ukutani waachwe waendelee kuwinda.

Walimu wa sayansi nao wanahimizwa kuwaongoza wanafunzi kuwatazama viumbe hao bila kuwaua, wakiandika mahali walipoonekana, saa na mawindo yao. Uangalizi wa namna hiyo ndio ulioanza kabla ya jina la buibui huyu kuandikwa.